Ni Ushuru wa Moshi

"Malipo ya Ukanda wa Utoaji wa Chini Kabisa." Hivyo ndivyo kamati moja ya istilahi ilivyoamua kuuita mfumo wa London wa kumtoza mwenye gari linalochafua hewa anapoingia mjini. Dereva wa lori akiyasoma maneno hayo hapa Usagara, Mwanza, atauliza: utoaji wa nini, na chini ya nini? Maneno yamehamishwa moja moja, maana ikaachwa njiani.

Wengine wanashikilia "tozo ya msongamano". Hao wanachanganya mambo mawili. Msongamano London ilianza kuutoza Februari 2003, shabaha ikiwa wingi wa magari. Tarehe 8 Aprili 2019 likaja jambo jingine: gari dogo la petroli lisilofikia kiwango cha Euro 4, au la dizeli lisilofikia Euro 6, lilipe pauni 12.50 kwa siku. Hata saa nane usiku, barabara ikiwa tupu, linalipa.

Mimi nasema ni ushuru wa moshi. Asili ya "ushuru" ni Kiarabu, ushr, yaani fungu moja la kumi. Enzi za Khalifa Umar, watozaji waliwekwa njiani kuchukua fungu hilo katika bidhaa za wafanyabiashara wageni waliovuka mpaka. Basi tangu zamani neno hili limekusanya njia, mpaka na kilichobebwa, na Kiswahili hakikuyapoteza: tuna ushuru wa forodha bandarini, ushuru wa mazao getini. Kodi huifuata mali hata ikiwa imelala nyumbani. Ada hulipia huduma, na anayewafukiza wenzake hapewi huduma yoyote. Tozo, kutokana na kutoza, hutaja mkono unaochukua bila kusema unachukua kwa nini. Tena tangu tozo ya miamala ya simu ya 2021, neno hilo lina uchungu wake. Hata hongo, waliyotozwa wapita njia na watemi wa Ugogo katika karne ya 19, ingefaa kama isingegeuka kuwa rushwa.

Nimeambiwa katika kikao cha kamati ile kwamba "ushuru" ni lugha ya geti, na kwamba "moshi" si sayansi kwa kuwa naitrojeni dioksaidi ni gesi, si moshi. Lakini geti ndilo jambo lenyewe! Na mkazi wa Igogo huita moshi chochote kitokacho kwenye ekzosi kikamkwaruza kifua. Isitoshe, serikali yetu imekwisha kututangulia: gari lenye umri mkubwa likiingizwa nchini hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada kwa sababu ya umri huo. Wataalamu walioketi kutunga istilahi walipaswa kulijua hilo kabla ya kunisahihisha.

Kwa matumizi: mwenye gari hulipa ushuru wa moshi, mahali penyewe ni ukanda wa hewa safi, na asiyelipa hupigwa faini. Mwanza ikija kuweka mpaka wake Mkuyuni au Buzuruga, bango liandikwe hivyo.