Hati ya kosa la barabarani: Dakika chache kwa dereva, miezi kwa mwenye gari

MJI mdogo wa Tinde, mkoani Shinyanga, ndipo barabara kuu itokayo Dodoma, Singida na Nzega hugawanyika. Tawi moja huelekea Shinyanga na Mwanza. Jingine hupitia Isaka na Kahama hadi mpaka wa Rusumo, na ndilo linalotumiwa pia na magari yaendayo kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu.

Kwa dereva anayekosea katika njia hiyo, muda wa kufikiwa na hati ya kosa hutegemea jambo moja: kama alisimamishwa au hakusimamishwa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa askari uwezo wa kumwandikia dereva hati ya taarifa ya kosa, ambayo barabarani huitwa notifikesheni. Kwa utaratibu wa kifungu cha 95, dereva anayekubali kosa hulipa faini bila kufika mahakamani. Asiyekubali ana haki ya kulikana na shauri lake kusikilizwa mahakamani.

Faini ya kosa moja kwa gari ni Sh30,000, nayo hutakiwa kulipwa ndani ya siku saba. Kwa pikipiki na bajaji, kiwango hicho kilipunguzwa hadi Sh10,000 mwaka 2021.

Njia ya haraka

Makosa mengi ya mwendo hunaswa kwa kifaa cha kupimia kasi, maarufu kama tochi. Katika maeneo ya makazi yenye alama, mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi.

Askari mwenye tochi huweza kutuma picha ya gari kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, ambaye hulisimamisha. Ikiwa kizuizi kipo kilomita 10 mbele, lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukifikia baada ya dakika saba na nusu. Hapo dereva huonyeshwa picha, huandikiwa hati na kupewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kosa bado analikumbuka, na anaweza kulikubali au kulipinga.

Njia ya polepole

Hali hubadilika gari lisiposimamishwa. Katika njia panda kama ya Tinde, askari aliye upande wa Kahama hawezi kulikamata gari lililokata kuelekea Shinyanga. Katika hali kama hiyo, kosa huweza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa Jeshi la Polisi kwa namba ya usajili wa gari.

Deni la namna hiyo hukaa kimya. Huonekana pale mwenye gari anapoingia katika mfumo kulitafuta, au askari wa mkoa mwingine anapolisimamisha gari na kulikagua. Inaweza kuwa wiki kadhaa baadaye, au miezi. Wakati huo siku saba zimekwisha pita na adhabu ya ucheleweshaji imeongezwa juu ya faini.

Anayeumia zaidi ni mwenye gari asiyeliendesha mwenyewe. Lori la kampuni iliyoko Dar es Salaam laweza kuwa limebadilishwa madereva wawili au watatu kabla deni halijagunduliwa. Aliyeko kwenye usukani siku hiyo hujikuta akiulizwa, na pengine akikatwa mshahara, kwa kosa asilolitenda.

Wengine wanafanyaje

Nchini Uingereza, kosa la mwendo lililonaswa na kamera hutakiwa kutolewa taarifa itakayomfikia mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14. Ikichelewa, kwa kawaida mashtaka hayaendelei. Mwenye gari naye hupewa siku 28 kumtaja aliyekuwa akiendesha. Sheria hiyo huibebesha mamlaka mzigo wa kuwahi.

Uganda ilijaribu kutuma hati kwa ujumbe wa simu kupitia mfumo wa EPS Auto, lakini serikali iliusitisha Juni 2025 kutokana na malalamiko ya wananchi. Ujumbe ulifika haraka, ila hilo halikutosha kuwaridhisha madereva.

Suala hili haliishii kwenye fedha. Usiku wa Agosti 8, 2022, ajali iliyotokea Mwakata, wilayani Kahama, iliua watu wapatao 20. Adhabu inayomfikia dereva siku hiyo hiyo humpunguzia mwendo katika safari hiyo hiyo; inayofika baada ya miezi mitatu humwacha aendelee kukimbia kwa miezi mitatu.

La kufanya

Mwenye gari anaweza kuangalia madeni yake katika tovuti ya polisi, kwa namba ya usajili au ya leseni. Ni vyema kufanya hivyo kila baada ya safari ndefu, na kabla ya kununua gari lililotumika, kwa kuwa deni huandikwa kwa namba ya gari.

Aidha, mwenye magari mengi anashauriwa kutunza daftari linaloonyesha nani aliendesha gari gani, tarehe na saa. Deni likijitokeza, daftari hilo ndilo litakalosema ni dereva yupi anayepaswa kuulizwa.