Chumvi, Jua na Mwili wa Livingstone

Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, bonde la Ruvuma linalala chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Bondeni humo alipita David Livingstone mwaka 1866, baada ya kushuka Mikindani. Miongoni mwa aliofuatana nao ni Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, na Susi. Miaka saba baadaye hao wawili waliongoza msafara uliobeba maiti yake.

Alifariki Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Pwani ilikuwa mbali, kama kilomita 1,600, na joto halisubiri. Wavuvi wa Mikindani wanalijua hilo: samaki akipasuliwa na kutiwa chumvi asubuhi, unapata ng'onda, akiachwa hadi alasiri, hata ummwagie pishi nzima ya chumvi, harudi. Damu ikishasimama, seli huanza kujila zenyewe na vijidudu vya tumboni husambaa.

Chuma, Susi na wenzao wakajenga boma lisilo na paa. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akampasua kidogo, akatoa moyo na matumbo. Vikazikwa chini ya mti, ndani ya kisanduku cha bati. Nafasi iliyobaki mwilini ikajazwa chumvi. Siku 14 mwili ulianikwa, ukigeuzwa mara moja kila siku, kisha ukafungwa kwa nguo, gome la mti na turubai. Bagamoyo walifika Februari 1874.

Wamarekani waliomgandisha James Bedford Januari 1967, wakitumaini sayansi itamfufua siku moja, walikuwa na adui yuleyule: muda. Damu ikiganda kwenye mishipa midogo ya ubongo, dawa ya kuzuia barafu haipiti, na barafu inachana seli. Ndiyo maana wafuasi wao hukaa karibu na mgonjwa mahututi, barafu tayari. Kati ya waliogandishwa, hajafufuka hata mmoja. Masasi hatuna habari hiyo, lakini msiba ukitokea Dar swali la simu ni lilelile: ameingia friji saa ngapi?

Mwili ulipofika London, sura ya Livingstone haikusaidia kitu. Daktari William Fergusson alimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mwenzao wa msafara, alikuwapo akilishika jeneza. Chuma na Susi, waliouwahi mwili usioze, hawakulipiwa nauli kwa wakati; walifika Uingereza mazishi yamekwisha.