Ganda la Korosho

Kwa Mathias, Kibaha, tulichoma korosho nyuma ya nyumba, juu ya bati lililotobolewa kwa msumari. Mafuta ya maganda yalichuruzika, yakashika moto, na moshi wake ukatufukuza. Mwenye pupa aliyezibangua kwa meno kabla hazijaiva alibabuka midomo. Ganda, tuliambiwa, halina kazi. Niliamini hivyo hadi nilipofika chuo kikuu na kusoma kazi za Egid Mubofu, mkemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 2001, Mubofu pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu kichocheo cha paladiamu kilichoshikizwa kwenye silika. Kichocheo ni kama mshenga: huunganisha pande mbili, kisha hubaki mzima, tayari kwa posa nyingine. Huyu aliunganisha kaboni na kaboni kwa njia ya Akira Suzuki, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Njia hiyo hutumika kutengenezea dawa. Lakini paladiamu ni ghali, na ikiyeyuka ndani ya mchanganyiko ni taabu kuirudisha. Ikishikizwa kwenye punje za silika, unachuja, unaosha, unaitumia tena.

Miaka kumi baadaye, 2011, Mubofu na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu silika nyingine, yenye vitundu vikubwa. Kalibu ya vitundu hivyo ilikuwa mafuta ya maganda ya korosho. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia, hivyo hujikusanya makundi makundi. Silika huganda kuyazunguka. Mafuta yakiondolewa, vitundu hubaki. Humo walishikiza invertasi, kimeng'enya kinachovunja sukari kuwa glukosi na fruktosi. Yale mafuta yaliyotubabua midomo yalikuwa yamejenga nyumba ya kichocheo.

Mwaka 2016 Mubofu alichapisha makala nzima kuhusu safari ya ganda la korosho, kutoka taka hadi kemikali zenye thamani.

Hapa ndipo ninapokwama. Wareno waliuleta mkorosho kutoka Brazili, ukaota Pwani na Kusini kana kwamba ni wa kwetu tangu mwanzo. Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa nje zikiwa ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam. Tukilalamikia hasara hiyo, tunahesabu kokwa na ajira za wabanguaji. Ganda hatulihesabu, ingawa nalo limo ndani ya gunia, linapanda meli, na kemia ya Mubofu ya mafuta ya korosho inalihitaji.

Siku hizi nikipita Kwa Mathias msimu wa korosho, nikauona ule moshi mweusi nyuma ya nyumba za watu, sisemi tena kwamba ni taka inayoungua.