Taa ya EGR Isiyozimika: Kagua Mpira Kabla ya Kununua Vali

Vali ya EGR hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ya dizeli ili kupunguza joto la mwako. Kodi P0401 yaonyesha moshi unaorudi hautoshi. Haithibitishi kwamba vali imekufa.

Ndugu zangu mnaotoka Pwani kwenda Bungoma na Kitale, zingatieni hili. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na nguvu ya vakyumu hupungua. Mpira wenye ufa mdogo usiosumbua Mombasa waweza kuwasha taa huko.

Mimi hukagua kwanza mipira, kisha solenoidi, halafu masizi kwenye vali na njia zake. Kufuta kodi pekee hakutengenezi kitu. Taa itarudi, na pesa ya vali mpya itakuwa imepotea bure.