Uvimbe ulioko kwenye karatasi

Mama mmoja wa Tukuyu alinionyesha karatasi ya maabara aliyopewa baada ya kupima choo. Aliambiwa ana "uvimbe kwenye utumbo". Neno hilo lilimnyima usingizi, kwa sababu kwetu uvimbe ni kitu unachokigusa: jipu au tezi. Moja kwa moja akawaza saratani.

Tatizo ni neno lenyewe. Uvimbe tunaliita lile donge linaloota mwilini, na uvimbe tunaiita pia hali ya nyama kuwa nyekundu, kupata joto, kuuma na kututumka mwili unapojitetea. Kwa maana hii ya pili wapo wanaoandika mchochota. Nalipenda sana, maana halimtishi mtu kwa jambo lisilokuwepo.

Choo hakiwezi kuonyesha donge. Kwa darubini huonekana mayai ya minyoo, amiba, chembe za usaha. Maabara kubwa hupima kalprotektini, protini inayotoka katika chembe nyeupe za damu zinapokimbilia ukutani mwa utumbo. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu moja ya choo, kwa kawaida utumbo umetulia. Ikipanda, mchochota upo, lakini kipimo hakitaji chanzo: huweza kuwa maambukizi, dawa za maumivu kama ibuprofeni, au ugonjwa wa muda mrefu. Saratani nayo huweza kuipandisha, ila namba peke yake haiithibitishi.

"Kumbe si donge, mwanangu?" aliniuliza. Nikamwambia karatasi haijasema donge. Arudi kwa daktari amuulize chanzo.