Bunduki ya Whitworth Ilipita Uzinza

Mwaka 1861 bunduki iliyosifiwa kwa shabaha kuliko zote duniani ilipita kwetu Uzinza, kusini mwa Ziwa Victoria, imo ndani ya mizigo ya msafara. Mwenye mizigo alikuwa Mwingereza John Hanning Speke, safarini kutafuta chanzo cha mto Nile. Alikuwa mgonjwa, anakohoa usiku kucha, na mtemi Lumeresi alikuwa amemzuia mpaka atoe hongo ya kueleweka. Mtemi alitaka hasa deole, kitambaa cha hariri cha bei kubwa, na Speke hakupenda kukitoa. Mzozo ule ulichukua siku nyingi. Bunduki ikaendelea na safari yake hadi Buganda, na Februari 1862 ikawa mojawapo ya zawadi alizokabidhiwa Kabaka Mutesa, pamoja na saa ya dhahabu, bastola na karabini kadhaa.

Kilichofuata pale ikulu kinajulikana, kwa kuwa Speke mwenyewe alikiandika. Kabaka alishindilia moja ya zile karabini kwa mkono wake, akampa mtoto mtumishi, akamwambia atoke uani akampige mtu. Mtoto akaenda, akarudi anachekelea. Hakuna aliyeuliza aliyepigwa ni nani. Jaribio la bunduki lilikuwa limekwisha.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Buseresere. Natengeneza shafti za makarasha ya dhahabu, bushi, na kila kinachovunjika kati ya Katoro na Nyarugusu. Jina la Whitworth nililifahamu kabla sijasikia habari za Speke, maana lilikuwa kwenye boliti. Mzee aliyenifundisha kazi Mwanza alikuwa na spana za Kiingereza zilizogongwa herufi W, na kosa la kwanza alilolipiga marufuku ni kulazimisha nati ya milimita kwenye boliti ya Whitworth. Meno ya skrubu ya Whitworth yana pembe ya digrii 55. Ya milimita yana 60. Macho hayaoni tofauti hiyo, lakini ukitia nguvu nati inakula meno na kazi imeharibika. Joseph Whitworth wa Manchester alipendekeza kipimo hicho mwaka 1841, wakati kila karakana ya Uingereza ilikuwa na skrubu zake zisizolingana na za jirani.

Huyu ndiye aliyetengeneza bunduki ile. Hakuwa mwindaji wala askari, alikuwa mtu wa vipimo. Alikuwa na mashine iliyoweza kuonyesha tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilipomwomba asaidie kuboresha bunduki za jeshi, alitaka kwanza ajue risasi inafanya nini ikishatoka mdomoni. Akajenga kwake banda la majaribio lenye urefu wa yadi 500, karibu mita 457, lisiloingia upepo. Ndani yake akatundika karatasi laini moja baada ya nyingine, ili risasi ikipita iache matundu, naye aifuate njia yake tundu kwa tundu. Sijui fundi mwingine wa zama zake aliyekuwa na subira ya namna hiyo kwa kitu kinachopita chini ya sekunde mbili.

Alichopata ni mtutu mwembamba wa inchi 0.451, wenye pembe sita ndani badala ya mviringo, uliosokotwa mzunguko mmoja kila inchi 20. Risasi nayo ilikuwa na pembe sita, inakaa ndani bila kuyumba na kutoka ikizunguka kwa kasi. Mwaka 1857 ilishindanishwa na Enfield, bunduki ya jeshi. Kwa yadi 500 risasi za Enfield zilipotoka kwa wastani wa futi 2.24, za Whitworth futi 0.37, yaani kama upana wa kiganja. Jeshi liliikataa hata hivyo. Ilikuwa ghali, na tundu jembamba lilijaa masizi ya baruti upesi. Wapiga shabaha ndio walioipenda. Julai 1860, mashindano ya Wimbledon yalipofunguliwa, Malkia Victoria ndiye aliyepiga ya kwanza. Bunduki ya Whitworth ilikuwa imefungwa kwenye stendi ya chuma, imeshalengwa. Yeye alivuta kamba ya hariri tu. Kwa yadi 400 risasi iliingia chini ya inchi mbili kutoka katikati.

Mwaka uliofuata ndugu yake bunduki ile alikuwa Uzinza.

Sasa swali linalonisumbua mimi kama fundi. Uzinza haikuwa nchi isiyojua chuma. Tulikuwa na Warongo, watu wa tanuri, waliotoka koo na makabila mbalimbali wakaunganishwa na kazi yao na miiko yake. Kiangazi waliingia porini, wakakaa mbali na wake zao, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto. Majembe yao yalifika Usukuma na Unyamwezi, yakalipa mahari, yakanunua mbuzi. Watu wanaoweza kutoa chuma kwenye jiwe, kwa nini hawakutengeneza bunduki karne ile ambayo kila mtemi aliitaka?

Wapo wanaojibu kwa dharau kwamba hawakuweza. Mimi nasema jaribuni kuufanya mtutu kwa chuma cha tanuri. Kinatoka kama sponji, kina mavi ya chuma ndani, unakipiga nyundo mpaka uchafu utoke. Kwa jembe si neno ukibaki kidogo. Kwa mtutu, punje moja ya uchafu iliyobaki kwenye maungio ndipo patakapopasuka, na uso wa mpigaji uko shubiri moja kutoka hapo. Birmingham nako walijua hatari hiyo, ndiyo maana tangu 1813 walikuwa na nyumba maalumu ya kujaribia mitutu kwa baruti iliyozidishwa kabla ya kuuzwa.

Halafu kuna bei. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujaza nyuma, zile za kushindilia mdomoni zikamwagwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mirambo alijenga dola Unyamwezi kwa mali hiyo. Charles Stokes, Muirishi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara, aliweka kituo Usongo, akaoa katika ukoo wa mtemi, misafara yake ikapeleka silaha hadi Buganda. Wabelgiji walimnyonga Kongo Januari 1895. Soko likifurika hivyo, Mrongo ana sababu gani ya kuhangaika na mtutu wakati jembe lake lina mnunuzi mlangoni?

Kazi iliyobaki ilikuwa ya matengenezo, na hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoonyesha mikono yake. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyekuwa mhandisi, alipeleka Buganda vyombo vya karakana na kufundisha vijana. Baadaye alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa letu, ambako msafiri Stanley alimkuta mwaka 1889 akiendelea kujenga chombo cha majini, na ambako alifariki Februari 1890. Mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa fundi Kisule. Afisa Mwingereza Lugard, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliandika kwamba Kisule anaweza kutengeneza springi mpya na kuponya bunduki yoyote iliyoharibika, na kwamba vitako vya mafundi wa Kiganda huwezi kuvitofautisha kirahisi na vya London.

Springi na kitako. Soma sifa hizo tena: mtutu haumo. Springi inatengenezwa kwa jicho na moto, kitako kwa tezo na msasa. Mtutu wenye shabaha unataka mashine inayotoboa chuma kirefu bila kupinda, na geji ya kukuambia kama imepinda. Kisule alikuwa na akili na mikono. Mashine ile ilibaki Ulaya, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ukahakikisha hata kazi zake hazitufikii: bunduki za kisasa zilikatazwa kuingizwa kwa Waafrika, zikaruhusiwa za gumegume zisizo na michirizi ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, walituachia kelele wakabaki na shabaha.

Gobore la kienyeji, lile polisi wanalolipiga picha mezani kila baada ya msako, ni mtoto wa kipindi hicho cha marufuku, na mama yake ni chuma chakavu. Wengi hudhani limerithiwa kutoka kwenye matanuri ya Warongo. Nyundo ndiyo iliyorithiwa. Chuma kililetwa na mgodi. Mwaka 1934 mgodi wa Geita ulianza kujengwa, na kuanzia 1936 hadi ulipofungwa 1966 ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Pamoja na dhahabu ulizaa lundo la vyuma: mabomba, vyuma vya kutobolea miamba, vipande vya malori. Chuma kirefu chenye tundu, kilichotobolewa na mashine, sasa kilionekana kimetupwa kwenye nyasi.

Babu yangu alikuwa mfua chuma katika mgodi, kazi yake kunoa vyuma vya kutobolea mwamba. Jumapili alifua vyake. Kuna nyati na nguruwe pori upande wa Biharamulo waliokutana na kazi hizo za Jumapili. Namna alivyozitengeneza sitaieleza, na sababu nitaitaja. Namna alivyozijaribu nitaieleza, maana nilikuwa nikimbebea mkoba.

Bunduki mpya ilifungwa kwenye panda ya mti. Kamba ya katani ilitoka kwenye kifyatulio hadi nyuma ya kichuguu, na nyuma ya kichuguu tulikuwa sisi. Baruti ya mara ya kwanza ilizidi ya kawaida. Akivuta, moshi ukitoka, tulisubiri, kisha babu alikwenda peke yake na kupitisha vidole kwenye mtutu kuanzia nyuma hadi mdomoni, amefumba macho. Uvimbe mdogo tu ulitosha: chuma kilirudi kwenye moto kikawa kitu kingine, na mteja akasubiri.

Ukipita hapo, ilifuata siku ya kibuyu. Kipande cha kibuyu kilisimamishwa hatua arobaini, na aliyepiga alikuwa mwenye bunduki, si babu. Babu aliangalia mwelekeo wa makosa. Mtutu usio na michirizi hauna risasi mbili zinazofanana, lakini una tabia. Akisharidhika alimpa mwenye mali bunduki na neno moja: "Yako inavuta kushoto. Mnyama akisimama, wewe lenga bega la kulia." Watu walitoka na maneno hayo kama dawa iliyoandikwa kwa jina la mgonjwa. Bunduki ya mwenzako ukiiazima bila kuuliza maneno yake, ulikuwa unajitafutia nyati mwenye hasira.

Nilipokuja kusoma habari za Malkia na kamba yake ya hariri, nilicheka peke yangu karakanani. Wimbledon bunduki ilifungwa na kamba ikavutwa ili mkono wa binadamu usiharibu kazi ya mtutu. Kwetu ilifungwa na kamba ikavutwa ili mtutu usiharibu uso wa binadamu. Kule kasoro ilitafutwa kwa mpigaji, huku kwa chuma. Na babu alifanya kitu ambacho Whitworth hakukihitaji: kasoro iliyobaki alimfundisha mtu kuibeba.

Nimesema sitaeleza utengenezaji. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kujitengenezea silaha, na mimi nina mashine ya kukereza ambayo ningependa ibaki yangu. Watu huja. Kijana anashuka kwenye pikipiki na bomba ndani ya gunia: "Shikamoo fundi, nataka unitobolee hiki, ni cha pampu." Namuuliza pampu gani. Anaanza kuelezea pampu ambayo haipo duniani. Namwambia, "Mwanangu, hiyo pampu nazijua risasi zake," na anaondoka. Enzi za babu gobore lilikwenda kwa nyati. Sasa hivi dhahabu ya watu iko njiani usiku, na gobore limejua njia hiyo. Sina huzuni magobore yakikusanywa na polisi.

Nina ombi moja tu kwa wanaokusanya. Kabla ya kuteketezwa, kila gobore lipimwe. Hii si kazi ya profesa; mtu mwenye vernia na geji ya meno anaweza kuifanya kabla chai haijapoa. Apime tundu mdomoni na nyuma, kisha afungue skrubu zinazoshika mtambo na kuzilinganisha na geji. Ikiwa meno ni ya digrii 55, skrubu ile inaelekea imetoka kwenye mashine za Waingereza, yumkini za mgodi wa zamani. Ikiwa ni 60, yumkini imetoka kwenye vyuma vya milimita vya miaka ya karibuni: lori la Japani, pikipiki ya India au ya China. Skrubu huhamishwa, kwa hiyo moja haitoshi kutoa ushahidi. Magobore mia yakipimwa, tutaanza kuona yalifuliwa zama zipi, karibu na mgodi gani, na kama yapo yenye mkono mmoja. Mafundi wale hawakuandika majina. Skrubu zao ndiyo kumbukumbu pekee waliyoacha, na zinateketezwa pamoja na mitutu.