Kreatini

Kreatini (kutoka neno la Kigiriki kreas, yaani "nyama") ni kampaundi yenye nitrojeni inayopatikana katika misuli ya binadamu na ya wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Mwili hujitengenezea kiasi fulani, na kiasi kingine hutoka katika nyama na samaki. Siku hizi inajulikana zaidi kama poda nyeupe inayouzwa madukani na kwenye kumbi za mazoezi kwa ahadi ya kuongeza nguvu. Kati ya bidhaa nyingi zinazotoa ahadi hiyo, kreatini ni mojawapo ya chache sana zilizothibitishwa kwa majaribio ya kisayansi, ingawa nguvu inayoongezeka ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai.

Kazi yake mwilini

Kreatini hutengenezwa hasa katika figo na ini kutokana na asidi amino tatu: arginini, glisini na methionini. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 huwa na takriban gramu 120 za kreatini, na asilimia 95 hivi ya hizo zimo ndani ya misuli. Kila siku gramu 1 hadi 2 hugeuka kuwa kreatinini, ambayo ni taka inayotolewa na figo kwa njia ya mkojo. Wanafunzi wengi huchanganya majina haya mawili. Kreatini ni akiba yenye manufaa. Kreatinini ni mabaki yake, na ndiyo inayopimwa hospitalini ili kujua hali ya figo.

Misuli inapokaza hutumia nishati inayotoka katika molekuli iitwayo ATP. Akiba ya ATP ndani ya msuli ni ndogo mno, hutosha kwa sekunde chache tu za kazi kali. Hapo ndipo kreatini inapohitajika. Ikiwa imeungana na fosfati huitwa fosfokreatini, nayo hutoa fosfati hiyo ili ATP iliyotumika itengenezwe upya papo hapo, bila kungoja oksijeni. Akiba hii nayo hupungua sana baada ya sekunde 10 hivi. Kwa sababu hiyo inamfaa mtu anayenyanyua vyuma, anayerusha tufe au anayekimbia mbio fupi kwa kurudiarudia. Mkimbiaji wa marathoni hupata sehemu kubwa ya nishati yake kwa njia nyingine, na uzito unaoletwa na kreatini unaweza kuwa mzigo kwake.

Historia

Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitambua kreatini katika supu ya nyama mwaka 1832. Mwaka 1847 Mjerumani Justus von Liebig alieleza kwamba nyama ya mbweha waliouawa wakiwindwa porini ilikuwa na kreatini mara kumi zaidi ya nyama ya mbweha waliofungiwa, akahisi kwamba dutu hii inahusiana na kazi ya misuli. Fosfokreatini iligunduliwa mwaka 1927 na vikundi viwili vilivyofanya kazi mbalimbali: Philip na Grace Eggleton nchini Uingereza, na Cyrus Fiske pamoja na Mhindi Yellapragada Subbarow nchini Marekani.

Matumizi ya kisasa yalianza na utafiti wa Roger Harris, Karin Söderlund na Eric Hultman uliochapishwa mwaka 1992. Watu waliopewa gramu 5 mara nne au zaidi kwa siku walionekana, baada ya siku chache, kuwa na kreatini zaidi ndani ya misuli yao. Mwaka huohuo, wakati wa Olimpiki ya Barcelona, gazeti la The Times la London liliripoti kwamba bingwa wa mita 100, Linford Christie, alikuwa ametumia kreatini. Haikuwa imepigwa marufuku, na hadi leo haimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Habari hiyo iliitangaza kuliko makala yoyote ya wataalamu.

Ushahidi wa kuongeza nguvu

Mtu yeyote anayeanza kunyanyua vyuma huongeza nguvu, ametumia poda au hajatumia. Akiwa ameinunua kwa bei kubwa, huelekea kuisifu poda na kusahau jasho lake. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa na kifua kipana namna gani, hauhesabiwi kuwa ushahidi. Watafiti hugawa watu katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa kreatini, jingine poda ya kufanana nayo isiyo na nguvu yoyote (plasebo), na wote hufanya mazoezi yaleyale. Katika majaribio mazuri, washiriki na wapimaji hawajui nani amepewa nini hadi mwisho.

Eric Rawson na Jeff Volek walikusanya mwaka 2003 matokeo ya tafiti 22 za aina hiyo. Waliopewa kreatini waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 20, na waliopewa plasebo asilimia 12. Tufanye hesabu: mtu aliyeweza kuinua kilo 50 angefikia kilo 56 kwa mazoezi peke yake, na kilo 60 akiongeza kreatini. Tofauti ya kilo 4 ni ya kweli, na kwa mshindani ni kubwa, lakini sehemu kubwa ya maendeleo yake imetokana na mazoezi. Muuzaji anayetangaza "asilimia 20" bila kutaja zile 12 hajasema uongo, ila ameficha nusu ya habari.

Tafiti zilizofuata kuhusu nguvu za miguu na za mikono zimekubaliana na mwelekeo huo. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba gramu 3 kwa siku huboresha uwezo katika mazoezi makali, mafupi na ya kurudiwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, katika tamko la wataalamu wake la mwaka 2018, iliiweka katika kundi dogo la virutubisho vyenye ushahidi mzuri.

Hata hivyo watu hawafanani. Wasiokula nyama wala samaki huanza na akiba ndogo, kwa kuwa mimea kwa kawaida haina kreatini ya maana, na mara nyingi akiba yao huongezeka zaidi. Wengine ambao misuli yao tayari imejaa hupata faida ndogo au hawapati kabisa.

Kuongezeka uzito si sawa na kuongezeka msuli. Kreatini huvuta maji ndani ya misuli, na kilo 1 hadi 2 za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 ulilitenga jambo hili kwa kuwapa washiriki gramu 5 kwa siku wiki moja kabla ya kuanza mazoezi. Uzito wa mwili usio mafuta ulipanda mapema, lakini baada ya wiki 12 za mazoezi makundi yote mawili yaliongeza takriban kilo 2. Mjadala kuhusu ukubwa wa msuli kwa hiyo haujafungwa.

Kiasi na aina

Njia ya haraka ni gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku 5 hadi 7, kisha gramu 3 hadi 5 kila siku. Hultman na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba gramu 3 kwa siku hufikisha misuli kiwango kilekile baada ya siku 28, bila haraka na kwa gharama ndogo. Aina iliyochunguzwa zaidi ni kreatini monohidrati, ambayo pia kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu. Aina mpya zenye majina ya kuvutia hazijaonyesha kuizidi.

Bidhaa nyingine

Kafeini huongeza nguvu kidogo kwa muda mfupi. Protini ya poda ni chakula tu. Uchambuzi wa tafiti 49 uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba inasaidia kidogo, na kwamba jumla ya protini ikipita gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, faida haionekani kuongezeka. Mtu anayekula maharage, dagaa, mayai na maziwa ya kutosha anaweza kukifikia kiwango hicho bila kopo.

Mbigili (Tribulus terrestris), magugu yenye miiba inayochoma nyayo, huuzwa katika vidonge kwa madai kwamba hupandisha homoni ya kiume. Wachezaji wa raga wa Australia waliopewa dondoo yake kwa wiki tano, katika utafiti wa mwaka 2007, hawakupata nguvu kuliko wenzao wa plasebo.

Usalama

Kwa watu wazima wenye afya, tafiti hazijaonyesha kwamba kreatini kwa viwango vya kawaida huharibu figo. Hofu ilienea mwaka 1998 baada ya jarida la The Lancet kueleza habari za kijana ambaye figo zake zilidhoofika alipoitumia. Lakini tayari alikuwa na ugonjwa wa figo. Mwenye ugonjwa huo, mjamzito au mtoto asitumie bila ushauri wa daktari. Dozi kubwa kwa mara moja inaweza kuleta maumivu ya tumbo na kuhara.

Anayetumia kreatini amwambie daktari kabla ya kupimwa damu, kwa sababu kreatinini inaweza kupanda kidogo na kufanya figo nzima zionekane mbovu.

Hatari nyingine imo katika kopo lenyewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1994 haimtaki mtengenezaji wa virutubisho athibitishe kwa serikali kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 katika miaka ya 2000 na 2001, ikakuta 94, yaani karibu asilimia 15, vikiwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mwanamichezo akikutwa na homoni hizo katika mkojo wake huwajibika hata kama hakujua zimo, na anaweza kufungiwa.